Dawa gani za asili mnabeba safarini? Nina begi zima na sijui nipunguze nini

kumeza_mate
Habari zenu wadau, naomba msaada wa haraka kidogo. Nina safari ya wiki 3, basi siku nzima halafu ndege halafu boti, niko na mtoto wa mwaka mmoja na nusu pamoja na mama yangu ambaye anatumia dawa za presha. Mimi mwenyewe basi likikata kona mbili tu mate yanaanza kujaa mdomoni natafuta mfuko. Sasa dada yangu kanifungia dawa za asili, kuna tangawizi ya unga, mnanaa mkavu, sanamaki, karafuu, asali, kichupa cha mafuta ya mkaratusi, jani zima la mshubiri na pakanga kavu ambayo anasema nikiinywa kila asubuhi malaria nitaisikia kwa watu. Yani huo mfuko umezidi nguo za mtoto. Nini kinasaidia kweli na nini ni mzigo tu? Dawa za maumivu za kawaida nishaweka, msinijie na hizo.

siti_ya_mbele
Pole mwenzangu, sisi wa mifuko tunajuana. Tangawizi usiiache hata kama utaacha viatu. Ila kosa letu wengi ni kuikumbuka tumbo likishachafuka, hapo umechelewa, chochote unachoweka mdomoni kinarudi. Mimi nachukua nusu kijiko cha chai cha unga, hiyo ni kama gramu 1, nakoroga kwenye maji ya moto nakunywa nusu saa kabla ya kupanda, afu natembea na vipande vibichi nimevikata vyembamba kama ukucha, gari likianza kuyumba natafuna kimoja polepole mpaka ulimi unawaka na machozi yananilenga. Na kaa mbele, angalia mbali kule barabara inakoishia, simu ificha kabisa, maana sikio la ndani linauambia ubongo tunayumba huku macho yako kwenye simu yanasema tumetulia, ndo fujo inapoanzia hapo. Kwenye boti tafuta katikati, ndo panacheza kidogo.
Ila nisikudanganye, kuna siku bahari ilichafuka kweli nikatapika na hiyo tangawizi yenyewe. Kwa boti beba na vidonge vya kuzuia kutapika, muulize mfamasia vipi vinakufaa.

mizani_ya_dawa
Mimi nipo kwenye kazi ya dawa kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza toa pakanga. Sio kwamba mmea hauna kitu, hapana, ile atemisinini iliyomo kwenye dawa za malaria za sasa ilitolewa humo humo, kundi la mwanasayansi Tu Youyou wa China waliitenga mwaka 1972 na yeye akapewa Nobel 2015. Shida ni chai. Kwenye kikombe huwezi kujua umepata kiasi gani, leo kidogo kesho kidogo zaidi, inakuwa haitoshi kuua vimelea, na vimelea kuonjeshwa dawa kidogo kidogo ndo njia ya kuizoea. Shirika la Afya Duniani (WHO) walishasema wazi 2019 kwamba hawashauri kutumia mmea wenyewe kwa kutibu wala kujikinga. Kama mnaenda kwenye malaria beba chandarua na muone daktari mapema akuandikie kinga, ya mtoto inapimwa kwa uzito wake.

Pili hujataja kitu muhimu kuliko vyote, pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji. Najua sio mti shamba ila kuharisha ndo ugonjwa namba moja wa msafiri na kinachoumiza ni maji na chumvi kuisha mwilini. Pakiti zikiisha, koroga mwenyewe lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa sio vya mlima, chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Mtoto wako mpe mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, kwa kijiko, akitapika subiri dakika 10 uanze tena taratibu. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yamezama au hakojoi, hapo acha majani nenda hospitali.

Mnanaa beba, kwa tumbo lililojaa gesi unasaidia na ni mwepesi. Ila mwenye kiungulia asiuguse, unalegeza ule mlango wa juu wa tumbo asidi inapanda. Sanamaki ni ya kulainisha choo kilichofunga, na safari inafunga watu choo kweli, kunywa usiku maana inachukua saa 6 mpaka 12 (usinywe asubuhi ya basi, nakuomba). Siku chache tu na mtoto asipewe. Mama je, anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Kama ndiyo asianze tangawizi ya dozi bila kumuuliza daktari wake. Na zile chai za mchanganyiko soma pakiti, zikiwa na urukususu (licorice, ule mzizi mtamu) asinywe, unapandisha presha.

kichupa_kilivuja
Mafuta ya mkaratusi yaache nyumbani jamani. Mimi yalinivujia kwenye ndege, hewa ilivyopungua kule juu kifuniko kikasukumwa kidogo tu, nimefika nafungua begi nguo zote zinanuka kama chumba cha mgonjwa, wiki nzima nikipita watu wanauliza nani ana mafua. Kama lazima ubebe kimiminika basi chupa isijazwe mpaka juu, funga plastiki mbili.
Kingine, majani makavu yasiyo na jina kwenye mfuko mweupe yatakuletea maswali uwanjani. Acha kwenye pakiti yake yenye maandishi. Na kama unaingia Australia au New Zealand lazima uyatangaze, hata asali, ukinyamaza wakiyakuta ni faini.

mjukuu_wa_bibi
Mizani nakuheshimu lakini pakanga watu wamekunywa miaka na miaka, wote walikufa?

mizani_ya_dawa
Ndugu yangu waliopona wapo, ndo maana wanasayansi wakaenda kuuchunguza. Ambao haikuwatosha hawapo humu kusimulia.

kumeza_mate
Asanteni sana, mbona nimejifunza hivi. Sasa mtoto, nikiacha mkaratusi akibanwa mafua nimpake nini? Na yeye nimpe tangawizi kabla ya basi?

mizani_ya_dawa
Mafuta yenye mkaratusi, menthol au kafuri kwa mtoto chini ya miaka 2 usipake, hasa karibu na pua, yanaweza kumbana pumzi. Na mkaratusi ukimezwa hata kidogo ni sumu, kwa hiyo kichupa hicho hata usingizini kisikae karibu naye. Mafua mpe matone ya maji ya chumvi puani. Kikohozi asali nusu kijiko sawa, ameshavuka mwaka, chini ya miezi 12 ni marufuku. Tangawizi mwache, watoto chini ya miaka 2 hawasumbuliwi sana na kichefuchefu cha gari, wataanza baadaye wakupe kazi. Mafuta ya karafuu pia asiguse, hayo ni ya jino la mtu mzima, tone moja kwenye pamba mpaka umfikie daktari wa meno.

siti_ya_mbele
Na mshubiri? Mimi nikiungua jua ndo napaka huo.

mizani_ya_dawa
Kupaka ni sawa, unatuliza. Ila jani zima litaoza begini, beba jeli ya tyubu. Ukikata jani ule utomvu wa njano uache udondoke kwanza, unawasha ngozi, na usinywe, unaharisha vibaya.

kumeza_mate
Basi nimefunga upya. Tangawizi, mnanaa, sanamaki kidogo ya mama, asali kwenye kikopo kidogo, jeli ya mshubiri, ORS pakiti 10 na kipimajoto. Vyote vimeenea kwenye mfuko mmoja wa zipu. Mama nimemuuliza, dawa ya damu hatumii. Dada amepita hapa saa hizi akaangalia begi, swali la kwanza "pakanga yangu iko wapi?" nimemwambia ipo chini ya nguo 😅

mjukuu_wa_bibi
Mwambie anipe mimi.