Pasipoti ya mtoto wa miezi miwili, Arusha: tuanzie wapi?

MamaNgarenaro
Habari zenu wapendwa. Mtoto wetu ana miezi miwili, tunakaa Ngarenaro. Baba yake yuko kazini Muscat na tunataka kwenda kukaa naye kwa muda. Nilicho nacho ni tangazo la kizazi nililopewa hospitali, na sehemu ya jina la mtoto iko wazi. Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ninayo, baba ana pasipoti, ndoa bado hatujafunga. Cheti nakipata wapi, nalipa nini na lini, na je, baba lazima arudi kusaini? Au mtoto naweza kumwingiza kwenye pasipoti yangu?

Mzee_wa_Sakina
Hongera kwa kujifungua, dada. Mtoto haingizwi tena kwenye pasipoti ya mama. Kila msafiri ana yake, hata aliyezaliwa jana.

Fomu ya Uhamiaji usiiguse kabla hujashika cheti cha kuzaliwa. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, kwa hiyo bado una muda, lakini usiulalie. Kwa mtoto chini ya miaka mitano ulizia kituo cha afya alikozaliwa au ofisi ya kata yenu. Kupitia mpango wa RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo) wa watoto wadogo, cheti cha kwanza hakilipiwi. Wakishindwa kukuhudumia hapo, nenda ofisi ya RITA ya wilaya na tangazo lako.

Jina la mtoto mkubaliane leo na baba yake, herufi kwa herufi, mliandike kwenye karatasi uende nayo. Kwa kuwa hamjaoana, jina la baba haliandikwi kwa maneno ya mama peke yake. Anatakiwa akiri mwenyewe kuwa ndiye baba. Yuko mbali, basi muulize msajili anataka maandishi ya namna gani kutoka kwake kabla cheti hakijaandikwa. Kukiongezea jina la baba baadaye ni kazi nyingine kabisa.

Sasa sikiliza panapowakwamisha wengi: majina ya wazazi. Tuseme NIDA ya mama inasema Neema Lazaro Mollel, kadi ya kliniki inasema Neema L. Laizer, na aliyejaza tangazo alinakili ya kliniki. Cheti cha mtoto kitatoka na Laizer, na Uhamiaji watakuuliza huyu Laizer ni nani. Mpe msajili kitambulisho cha NIDA anakili humo, na usitoke dirishani kabla hujasoma kila herufi, hasa kama cheti kimeandikwa kwa mkono. Kiapo cha wakili kinaeleza tu kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Hakifuti kilichokwisha kuandikwa kwenye cheti.

Fundi_Picha_Moshi
Niongezee upande wa picha, maana za watoto wachanga zinarudishwa sana. Nyuma iwe bluu bahari ya kupauka. Mtoto wa miezi miwili hawezi kukaa, na ukimshikilia mkono wako unaonekana shingoni. Mlaze chali juu ya shuka la bluu lisilo na maua, lililopigwa pasi, karibu na dirisha lakini si kwenye jua. Mpiga picha asimame juu yake, kamera itazame uso moja kwa moja. Kivuli chake kikimwangukia mtoto, picha imeharibika. Kofia na hereni kubwa toa, nguo isiwe ya bluu wala nyeupe, chuchu bandia isiwepo mdomoni. Macho yote mawili yawe wazi na mdomo umefungwa. Mnyonyeshe kwanza, subiri acheue, ndipo mpige. Mwenye njaa hafungi mdomo, na aliyeshiba sana anasinzia.

Karani_Kaloleni
Malipo na fomu. Ombi linajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, anwani yake inaishia na go.tz. Jumla ni shilingi 150,000: unaanza na 20,000 ya fomu, halafu 130,000 ya pasipoti yenyewe. Zote zinalipwa kwa kumbukumbu namba, benki au kwenye simu. Anayekuambia umtumie kwenye namba yake binafsi ni kishoka, achana naye. Ukijazia steshenari, weka namba yako ya simu, si ya kijana wa pale, na namba ya ombi iandike kwenye daftari lako, maana ndiyo ya kurudia kwenye ombi.

Fomu ikichapwa, iambatanishe na cheti cha mtoto, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo kama hana, NIDA yako, picha, ushahidi wa safari na ridhaa ya wazazi. Nakala peke yake hazitoshi, beba na vyeti halisi. Mtoto nenda naye.

Kuhusu baba: harudi. Aandike barua ya ridhaa yenye majina kamili ya mtoto kama yalivyo kwenye cheti, majina yako, nchi mnayokwenda na sababu. Aisainie mbele ya ofisa wa ubalozi wetu Muscat, aambatanishe nakala ya pasipoti yake, na karatasi halisi aitume. Picha ya WhatsApp isikutie moyo.

MamaNgarenaro
Asanteni sana, Mungu awabariki. Swali la mwisho: chanjo ya homa ya manjano achome sasa?

Muuguzi_Kilimanjaro
Hapana mama, bado mdogo mno. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi tisa, na kadi yake ya njano inaanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchoma. Mkisafiri kabla ya hapo, waulize shirika la ndege na ubalozi wa Oman kama wanataka barua ya daktari inayotaja umri wake, uiweke pamoja na kadi ya kliniki. Mkisafiri baada ya miezi tisa, achome wiki mbili kabla. Kadi ya njano iandikwe jina lilelile la kwenye pasipoti, kwa hiyo pasipoti itangulie. Na tiketi usilipie mpaka pasipoti na viza viwe mkononi.