Mjomba amekatwa mguu, shamba lipo Muheza: banda la ng'ombe, bustani ya matone au guta la kwenda kwenye machungwa?

MwanaMuheza
Wakuu, habari za humu. Mjomba wangu alikatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya ajali ya pikipiki. Kidonda kimepona, mguu bandia anao, anatembea na fimbo. Ana michungwa mlimani, bustani nyuma ya nyumba na ng'ombe wawili wa maziwa. Wanawe wanataka auze ng'ombe akae barazani. Yeye hataki hata kusikia, na mimi niko upande wake. Pesa iliyopo inatosha jambo moja: kutengeneza banda, kuweka umwagiliaji wa matone bustanini, au kununua guta la injini limpandishe mlimani. Nani amepitia haya?

Mfugaji wa Pongwe
Banda. Mimi polio ilinipata utotoni na nafuga mpaka leo. Kinachomchosha mtu mwenye mguu mbovu si ng'ombe, ni maji na majani. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Hebu zibebe kwa ndoo huku mkono mmoja umeshika fimbo. Kwa hiyo vuteni bomba la maji mpaka kwenye hori. Majani ya tembo yapandwe ubavuni mwa banda, asiyafuate mbali.

Sakafu ndiyo roho ya jambo lote. Saruji ikiwa bado mbichi, ikwaruzeni kwa fagio la chelewa, maana saruji laini ikilowa mkojo na samadi atateleza siku ya kwanza. Iwe na mteremko mdogo kuelekea shimo la samadi. Ukutani fungeni bomba la chuma la kushikia, toka mlangoni hadi anapokamulia. Na kigoda cha kukamulia kiwe kirefu kuliko cha kawaida, ili mguu bandia unyooke mbele.

Mama wa Lushoto
Sipingi, ila ng'ombe lazima akamuliwe hata siku mjomba anaumwa. Kwenye matone anafungua koki tu, mboga zinakunywa. Matuta yakiinuliwa kwa matofali hadi usawa wa kiuno, na yawe membamba mkono ufike katikati, atapalilia amekaa. Shida ni soko. Nyanya zikijaa mnadani unarudi nazo. Maziwa yana mnunuzi kila asubuhi, kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh kinachukua ya wafugaji wadogo miaka mingi sasa. Kwa hilo Pongwe ananizidi.

Fundi Ngamiani
Guta msinunue. Kwenye mteremko gari la magurudumu matatu linapinduka upesi, na masika tope halitamruhusu. Halafu akifika huko juu atapanda mti vipi? Wanunuzi wengi wa machungwa huja na wachumaji wao, mwuzieni mmoja yakiwa mtini. Mtengenezeeni toroli la magurudumu mawili: la gurudumu moja linataka mizani ya miguu yote miwili. Na jembe liwe la mpini mrefu, asiiname.

Nesi_Korogwe
Ndugu zangu, mnazungumza banda mkasahau mguu wenyewe. Joto la huku linatoa jasho ndani ya mguu bandia. Kila jioni auvue, aoshe kisiki, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kwa sabuni, akikaushe, atazame ngozi kwa kioo. Wekundu usioisha baada ya muda mfupi maana yake aache kuuvaa, apige simu alikotengenezewa. Pia kisiki hupungua unene miezi ya mwanzo, mguu unalegea na kuanza kuchubua. Nauli ya kurudi kurekebishiwa itengwe kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji.

Mdau wa Handeni
Kuhusu pesa: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Jambo jingine. Marekani wana mpango uitwao AgrAbility, uliotokana na sheria yao ya kilimo ya 1990. Mtaalamu humfuata mkulima shambani, anamtazama akifanya kazi zake, ndipo vifaa vinapangwa. Hilo halihitaji mfadhili. Mfuate mjomba alfajiri mpaka jioni, uone anakwama wapi.

MwanaMuheza
Shukrani sana, nimemsomea yote. Amechagua banda, maji kwanza, sakafu baadaye. Nauli ya mguu nimeshamwachia shangazi aishike. Pongwe, lile bomba la kushikia uliweka inchi ngapi?

Mfugaji wa Pongwe
Moja na nusu. Lisizidi hapo, mkono ukiwa na mafuta ya kukamulia haulikamati vizuri. Na liwe mkono wa kushoto anapoingia, mguu mzima ulipo.