Tunapanda leveli ya tano: gumzo la kikundi cha Meza ya Jumapili, wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi na dadu

Mjomba Kassim: Assalaam alaikum wanangu. Jumapili tukimaliza lile pango nyote mnapanda leveli ya tano. Kila mtu anitumie leo anachotaka kuchukua, nisije nikaanza kurekebisha karatasi za wahusika wenu mezani.

Idrisa: Waalaikum salaam, shikamoo mjomba. Mimi nataka kuchanganya klasi, mhusika wangu awe na kazi mbili. Barbariani wa shoka leveli 4, wizadi, yaani mchawi msomi, leveli 1. Nikipandwa na mori nawakata shoka, zamu inayofuata nawachoma moto 🔥🔥

Mjomba Kassim: Marahaba. Akili yako kwenye karatasi ni ngapi?

Idrisa: 8

Mjomba Kassim: Basi mlango umefungwa. Wizadi anataka Akili 13, barbariani Nguvu 13, na kanuni inadai utimize zote mbili, klasi unayotoka na unayoiendea.

Mjomba Kassim: Na hata ungekuwa nayo ningekusihi uache. Ukiwa ndani ya mori huwezi kufanya uchawi, wala kuushikilia ule uliokwisha kuuanzisha. Unapigana, uwizadi umelala. Unafanya uchawi, mori umelala.

Zainabu: Idrisa pole jamani 😅

Nassor: Idrisa, jiulize kwanza: zamu yangu ya kawaida nafanya nini? Wewe unamkimbilia adui, unajitosa, unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo juu. Sasa tafuta klasi inayolipwa kwa jambo hilohilo unalolifanya.

Idrisa: Ipi hiyo kaka Nassor?

Nassor: Mnyemelezi. Klasi yangu.

Idrisa: Mimi nimejaa misuli, ninyemelee nini?

Nassor: Soma kanuni ya pigo la kuvizia polepole. Haikutaki ujifiche. Inataka silaha ya wepesi au ya kurusha kwa mbali, na uwe na nafuu ya dadu mbili au mwenzako awe amesimama karibu na adui. Nafuu unajipa mwenyewe kila unapojitosa. Silaha chukua upanga mwembamba. Kanuni inasema silaha iwe ya wepesi, haikusema lazima uipige kwa sifa ya Wepesi. Unaipiga kwa Nguvu, na nyongeza ya mori inabaki palepale.

Rehema: Subhanallah, hiyo sikuwahi kuiona

Idrisa: Shoka langu linarusha dadu ya pande 12 lakini. Upanga ni 8.

Nassor: Tupige hesabu. Leveli ya tano ya barbariani inakupa mapigo mawili kwa zamu, hiyo usiiache kwa lolote. Mapigo mawili ya shoka yakipata, wastani 6.5 mara mbili, 13. Mapigo mawili ya upanga ni 9, ongeza dadu moja ya kuvizia ya pande 6, wastani 3.5, jumla 12.5. Pigo la kuvizia ni mara moja tu kwa zamu.

Idrisa: Kwa hiyo napoteza

Nassor: Unapoteza nusu. Lakini shoka linashikwa kwa mikono miwili, upanga kwa mmoja. Mkono wa pili unabeba ngao, ulinzi +2, na barbariani bila deraya anaruhusiwa ngao. Ukijitosa maadui nao wanapata nafuu dhidi yako, kwa hiyo hiyo +2 unaihitaji kuliko yeyote mezani. Ukifika mnyemelezi wa 3 dadu za kuvizia ni mbili, jumla 16 kwa 13 ya shoka.

Mjomba Kassim: Hesabu sahihi. Na gharama yake useme pia.

Nassor: Gharama ni kwamba nyongeza ya sifa, kama Nguvu au Akili, inahesabiwa kwa leveli za klasi, haihesabiwi kwa jumla. Barbariani mtupu anaipata tena leveli ya 8. Akienda barbariani 5 kisha mnyemelezi, ataingoja mpaka 9.

Idrisa: Leveli moja tu, naikubali. Jumapili nachukua barbariani 5, ya sita naanza unyemelezi.

Mama Mkubwa Mwajuma: Mnakuja wangapi Jumapili? Napika wali wa nazi na samaki wa kupaka

Rehema: Wanne Mama Mkubwa, Nassor anaingia kwa video kutoka Muskati

Mama Mkubwa Mwajuma: Haya. Na huo uchawi mnaoongea tangu asubuhi ni uchawi gani Kassim? Watoto hao

Mjomba Kassim: Dada, ni hadithi na dadu. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson ndio waliouanzisha. Mimi nasimulia, wao wanaamua wahusika wao wafanye nini, dadu zinaamua kama wameweza. Idrisa hesabu za wastani alizijulia hapa kabla ya darasani.

Mama Mkubwa Mwajuma: Sawa, mradi nyumbani kwangu msizime taa

Zainabu: Zamu yangu. Mimi kleriki 4, mponyaji wenu, nimechoka kuangushwa. Nichukue mpiganaji 1 nipate deraya nzito?

Mjomba Kassim: Huipati. Deraya nzito ni ya aliyeanza na upiganaji leveli ya kwanza. Anayeingia baadaye anapewa deraya nyepesi, ya kati na ngao, na hivyo vyote kleriki anavyo.

Rehema: Na Zainabu tafadhali, leveli ya tano wewe ndiyo unaanza uchawi wa daraja la tatu. Ndipo unapata ule wa kumrudisha mtu aliyekufa ndani ya dakika moja. Ukichelewa leveli moja na mtu akafa pangoni, tunamzika.

Zainabu: Unahitaji almasi za thamani ya vipande 300 vya dhahabu lakini

Rehema: Tuchange. Mimi natoa 120 sasa hivi

Nassor: 100 kwangu

Idrisa: Shoka nauza 😁 nilipe zilizobaki

Mjomba Kassim: Hapo mmenifurahisha. Watu wanachanganya klasi kila mtu na karatasi yake, hawatazami kundi litakosa nini wakichelewa. Zainabu asichanganye. Kundi lenye kleriki kamili ndilo linalowapa nyie wengine nafasi ya kujaribu.

Zainabu: Nimeelewa mjomba. Kleriki 5.

Rehema: Mimi sasa. Paladini 4, shujaa wa kiapo, Nguvu 16, Haiba 16. Nataka waloki, mchawi wa ahadi.

Nassor: Lini?

Rehema: Nilitaka Jumapili hii

Nassor: Usifanye hivyo. Paladini 5 unapiga mara mbili, na kila pigo unaweza kulimwagia uchawi likawa pigo takatifu. Paladini 6 Haiba yako inaingia kwenye kila rusho la kujinusuru, lako na la aliye ndani ya futi 10 nawe. Hiyo ni +3 kwa kundi zima na hulipii chochote. Kisha waloki 2.

Rehema: Na nikifika huko kwenye waloki napata nini hasa, ukiacha kusifiwa?

Nassor: Nafasi mbili za uchawi, yaani mara mbili za kuufanya, zinazorudi kwa pumziko fupi. Kila moja ukiimwaga kwenye pigo takatifu ni dadu mbili za pande 8, wastani 9. Za paladini zinangoja mlale usiku mzima. Na unapata ule mwale wa uchawi unaopiga adui hadi futi 120. Paladini wetu adui akiruka juu anabaki kutazama. Mwale unahesabu jumla ya leveli zako zote, kwa hiyo hata ukiwa waloki 2 unarusha miale miwili, na kila mmoja ukiongeza Haiba.

Mjomba Kassim: Meza yetu ni ya kanuni za 2014, kwa hiyo nafasi za waloki nakuruhusu kuzitia kwenye pigo takatifu, na mapigo yote mawili kwa zamu moja ukitaka. Kanuni za 2024 zimeligeuza kuwa uchawi wa mara moja kwa zamu.

Mjomba Kassim: Lakini Rehema, mimi nina sharti. Paladini wako alikula kiapo leveli ya tatu. Waloki anafunga ahadi na mwenye nguvu mwingine. Nieleze mtu mmoja anabebaje ahadi mbili.

Mama Mkubwa Mwajuma: Hilo hata mimi nataka kulisikia

Rehema: Nimelifikiria. Pale mtoni nilipozama, yule malkia wa msituni alinitoa na hakudai kitu. Kiapo changu ni kulinda wanyonge. Msitu wake unachomwa na wale wa pangoni. Namwendea mwenyewe, namwambia nitaulinda msitu wako, nipe uwezo wa kuulinda. Ahadi ya pili naifunga kwa ajili ya ya kwanza.

Mama Mkubwa Mwajuma: Na huyo malkia akikwambia umwache mnyonge?

Rehema: Hapo nitavunja yake.

Mjomba Kassim: Nakubali. Na swali la dada nalihifadhi, malkia atakuja kuliuliza. Una leveli mbili za kumtafuta msituni kabla hujaweka mkono wako kwenye wake.

Rehema: Naam mjomba. Paladini 5 Jumapili.

Idrisa: Hizo kanuni nazipata wapi nisome mwenyewe? Kitabu anacho Zainabu

Nassor: Kanuni za msingi ziko bure mtandaoni, tangu Januari 2023 zina leseni ya Creative Commons, na sehemu ya kuchanganya klasi imo. Nakutumia faili usiku. Anza na jedwali la nafasi za uchawi, linawachanganya wengi: kleriki anahesabiwa leveli zote, paladini nusu, waloki yuko pembeni na zake.

Mjomba Kassim: Saa kumi jioni basi, Nassor kwako saa kumi na moja. Zainabu njoo na almasi zimeandikwa kwenye karatasi, nisiambiwe baadaye mlikusudia kununua.

Zainabu: Naandika sasa hivi. Idrisa, shoka umeuza kwa ngapi?