Naombeni ushauri: huu mzunguko wa miaka minne wa Simba na Yanga una mashiko?

Kiberiti Kikavu (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, leo imenibidi nijitokeze. Naomba wenye akili za takwimu wanisaidie, na utani wa jadi tuuweke pembeni kwa leo tu.

Nimekaa na daftari siku tatu. Yanga alichukua ubingwa wa Ligi Kuu 2014/15, 2015/16 na 2016/17. Simba akapokea, akabeba minne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21. Yanga akapokea tena, naye minne, 2021/22 hadi 2024/25. Minne kwa minne. Sasa 2025/26 si zamu ya Mnyama jamani? Na pengo nalo linakatika: 2023/24 Yanga alimaliza na pointi 80, Simba 69. Msimu uliofuata 82 kwa 78. Kutoka 11 hadi 4! Mwenye macho anaona inakoelekea.

Naombeni majibu kabla ya Ijumaa. Usingizi sipati.

Shuka Bega
Usingizi hupati kwa ligi ambayo haijaanza? Novemba 2023 Simba yenu ilipopigwa mkono, 5-1 na Yanga, ulilala wapi?

Mzee wa Kona
Kijana, umeanza kuhesabu pale panapokupendeza. Rudi nyuma kidogo. Yanga alichukua mitano mfululizo, 1968 hadi 1972. Simba naye akachukua mitano, 1976 hadi 1980. Mwaka 1980 mtu mwenye daftari kama lako angesema Simba keshamaliza minne yake, zamu imefika Jangwani. Simba akabeba wa tano. Na katikati hapo, 1975, bingwa alikuwa Mseto ya Morogoro, ambayo haikuwa kwenye foleni ya mtu.

Enzi hizo tulikuwa tunasikiliza mpira redioni kwa jirani, watu arobaini uani, mwenye redio akikasirika timu yake ikifungwa anazima. Mnaumia kwa data ya simu, hamjui kuzimiwa redio.

Sabufa Imeenda
Mleta mada, mimi ni marehemu wa hesabu hizo. 2009/10 Simba, 2010/11 Yanga, 2011/12 Simba, 2012/13 Yanga. Umeona wanavyopokezana? Mtoto wa chekechea angejua 2013/14 ni ya Simba. Nikaweka sabufa yangu, mpya, hata ile nailoni ya kwenye spika sijabandua. Azam akachukua bila kupoteza mechi hata moja. Jirani alikuja kuibeba na toroli. Alikuwa anaipiga kila Jumapili asubuhi, na nyimbo zenyewe zilikuwa zangu kwa sababu flashi nilisahau kuichomoa.

Mpima Mchele
Niongee kitakwimu kama ulivyoomba. Kwanza, huna mizunguko mingi, una vipande vitatu: mitatu, minne, minne. Kwa vitu vitatu mtu anaweza kuchora umbo lolote analotaka. Pili, tumia misimu yako hiyohiyo 11. Kuna nafasi 10 za kombe kubadili mikono. Limebadilika mara 2 tu. Mara 8 bingwa alitetea. Kwa hiyo daftari lako likisomwa vizuri linasema Yanga, wewe umelisoma kinyume.

Tatu, kilichomtoa Simba 2021 hakikuwa mwaka wa nne. Dirisha lile Luis Miquissone alikwenda Al Ahly na Chama akaenda RS Berkane, na upande wa pili Yanga wakashusha Diarra, Bangala, Aucho na Mayele kwa mpigo. Watu ndio wanaobadilisha msimamo, kalenda haifungi goli. Uliza nani kaondoka, nani kaingia, na timu inapata pointi ngapi mikoani. Yanga walikuwa na mechi 49 bila kufungwa, zikaishia kwa Ihefu kule Mbarali, Novemba 2022. Hakuna daftari lililokuwa na Ihefu.

Hilo la pengo kupungua angalau lina maana kidogo. Ila misimu miwili bado haijawa mstari.

Kiberiti Kikavu
Asante mkuu Mpima Mchele, lakini hapo mwisho umekubali mwenyewe kwamba pengo lina maana. Na Mzee wa Kona, soka ya 1976 na ya sasa ni vitu viwili tofauti. Siku hizi kuna wawekezaji, mambo yana utaratibu.

Mama Nuru
Mimi mpira siujui, nauliza kitu kimoja tu mwanangu. Kwa nini kabla ya Ijumaa?

Kiberiti Kikavu
Ijumaa kuna makubaliano fulani yanakamilika. Si muhimu kwenye mada, mama.

Mama Nuru
Makubaliano gani?

Kiberiti Kikavu
Sawa, niseme. Kuna fundi mmoja anashona viti vya bodaboda kijiweni kwetu, mtu wa Yanga wa kufa. Ameweka milioni 2 taslimu. Mimi naweka pikipiki. Nimebakiza wiki saba kumaliza mkataba iwe yangu kabisa. Kadi nimeshampa mwenyekiti wa kijiwe aishike, Ijumaa tunasaini mbele ya mashahidi. Msianze kunihukumu, sijakurupuka. Kampuni za kubeti zinanila kila wiki buku buku kwa miaka, bora nicheze kitu kimoja nilichokifanyia utafiti.

Ustaadh wa Mtaa
Kamari ni haramu, ukishinda umekula jasho la mwenzio, ukishindwa umewalaza watoto njaa. Haina utafiti. Tubu.

Shuka Bega
Nauliza huyo fundi anahitaji mshirika? Naweka laki tatu upande wake sasa hivi.

Sabufa Imeenda
Fundi viti atakaa juu ya kiti alichokushonea mwenyewe, anapita mbele yako na abiria. Nakwambia kama mtu aliyesikia sabufa yake ukutani.

Tajiri Mstaafu
Nilikuwa napita tu lakini hapa nasimama. Nimekuwa na pikipiki za mkataba miaka sita. Dereva analeta hesabu, elfu kumi kila siku, mpaka atimize. KADI INAKAA KWA TAJIRI. Siku ya mwisho ndiyo tunakwenda kubadilisha jina. Wewe umebakiza wiki saba, kadi umeipata wapi ukampe mwenyekiti? Wadau, hii ni chai. Tena haina hata tangawizi.

Shuka Bega
Hahaa nilihisi! Subirini bandiko lijalo ataweka namba ya kundi la mikeka ya uhakika, kiingilio elfu tano.

Mpima Mchele
Na mimi nimeandika aya tatu. Mungu anakuona mleta mada.

Mzee wa Kona
Chai au si chai, yale ya Mseto niliyoyasema ni kweli.

Sabufa Imeenda
Weka picha ya kadi, ziba jina na namba. Bila picha uzi ufungwe.

(baada ya saa nzima)

Kiberiti Kikavu
Siwezi kuweka picha, kadi haiko kwangu, nimeshasema. Na chai siuzi. Tajiri ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alinipa kadi wiki iliyopita nikakate bima. Ndiyo hivyo. Nilipanga nikishinda milioni 2 nimmalizie mkataba wote mara moja, zinazobaki nimuwekee wife mtaji wa mitumba, na hakuna ambaye angejua kadi ilizungukia wapi. Mkiangalia vizuri mtaona nia yangu ilikuwa njema.

Tajiri Mstaafu
Dah. Basi naifuta chai. Hii ni kesi.

Mama Nuru
Na bima ulikata?

Kiberiti Kikavu
Hela ya bima nilimpa mwenyekiti kama ada ya kutunza dhamana.

Ustaadh wa Mtaa
Innalillahi.

Mpima Mchele
Ndugu, ligi inaisha katikati ya mwaka ujao. Hata Simba achukue ubingwa, wewe unatakiwa umrudishie shemeji kadi lini?

Kiberiti Kikavu
Kesho. Ametuma meseji leo mchana anaulizia, sijajibu.

Mama Nuru
Hujasaini bado. Inuka uende kwa huyo mwenyekiti sasa hivi, usingoje Ijumaa wala ushauri wa humu. Hela ya bima ihesabu imeenda. Kadi irudi.

Kiberiti Kikavu
Nilimpigia jioni. Kasema kadi haitoki mpaka fundi naye akubali kuvunja, kwamba ndiyo taratibu za kijiwe.

Mzee wa Kona
Taratibu zilizoandikwa wapi? Huyo mwenyekiti ni timu gani?

Kiberiti Kikavu
Yanga.

Shuka Bega
😂😂😂 mimi ni Yanga, lakini hapa hata mimi nakuonea huruma. Anakaa wapi nije tuongozane?

Kiberiti Kikavu
Tabata, nyuma ya soko. Natoka sasa hivi, tanki lina mafuta ya buku mbili tu.