Naomba ushauri: ruta ya akiba haishiki zamu laini ya intaneti ikikatika

Habari zenu wakuu. Nimekwama, naomba mnisaidie mawazo.

Nina ruta mbili, kila moja na laini yake ya intaneti. Nimeziunganisha kwa VRRP (utaratibu wa ruta kupokezana lango moja; yenye kipaumbele kikubwa ndiyo kiongozi): ya kwanza ni 192.168.10.2, kipaumbele 120. Ya pili ni 192.168.10.3, kipaumbele 100. Kompyuta zote zinatumia lango la pamoja, 192.168.10.1. Nikizima umeme wa ruta ya kwanza, pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama mtandao unajibu) inapotea mara tatu au nne kisha ya pili inashika usukani. Hapo sina neno.

Kasheshe ni pale laini inapokufa mbele ya modemu. Taa ya poti inaendelea kuwaka kijani, ruta ya kwanza inajiona mzima, inabaki kiongozi huku watu hawapati kitu. Nimejaribu kuiambia ifuatilie poti ya nje (inayoenda kwenye modemu) ishushe kipaumbele kwa 30, ibaki na 90. Inafanya kazi nikichomoa kebo kwa mkono tu, na kebo haichomoki yenyewe usiku wa manane!

Maswali yangu:

Je, nifuatilie kwa kupigia pingi anwani ya mbali, na ni anwani ngapi zinatosha ili pingi moja ikipotea ruta zisianze kupokezana ovyo?

Pia, ruta ya kwanza ikiwaka upya inanyang'anya uongozi kabla laini yake haijasimama sawasawa. Niicheleweshe, au nizime kabisa huko kunyang'anya?

Natanguliza shukrani.