Mrejesho: lile swali langu la neno "bandari"

Wakuu, asanteni kwa majibu. Niliuliza kama "bandari" ni Kiarabu, maana kijiweni tulibishana sana. Asili yake ni Kiajemi, bandar, na Wairani bado wana Bandar Abbas yao kwenye mlango-bahari wa Hormuz. Waarabu nao walilichukua huko huko.

Lililonikosha ni la Wamalei, wale wa Malaysia na Brunei. Kwao bandar siku hizi ni mji, uwe na meli au usiwe nazo! Ndiyo maana mji mkuu wa Brunei, ulipobadilishwa jina mwaka 1970, ukawa Bandar Seri Begawan. Na msimamizi wa bandari zao za kale aliitwa syahbandar, yaani shaha wa bandari, Kiajemi kitupu.

Na kwa aliyetaja Kihindi kwenye majibu: bandar ya kule yenye maana ya tumbili haihusiani.