Msomi anayeendesha tamasha la filamu: tumsome kama mtafiti au kama mwenye shughuli?

mwanauzamili

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo wengi tunalijua kwa kifupisho cha ZIFF, na nimekwama mahali ambapo hata msimamizi wangu hajanifungulia njia. Sehemu kubwa ya maandishi ya kitaaluma ninayoyategemea yametoka kwa watu waliowahi kuyaendesha matamasha wenyewe. Mfano wa karibu ni Martin Mhando: ameongoza filamu ya Maangamizi akishirikiana na Ron Mulvihill, amefundisha katika Chuo Kikuu cha Murdoch kule Australia, ni mmoja wa wahariri waanzilishi, pamoja na Keyan Tomaselli, wa jarida la kitaaluma la sinema za Afrika, na kwa miaka kadhaa alikuwa mkurugenzi wa ZIFF yenyewe. Lindiwe Dovey wa chuo cha SOAS, London, ambaye mwaka 2015 alichapisha kitabu kizima kuhusu Afrika na matamasha ya filamu, naye alianzisha tamasha la filamu za Kiafrika la Cambridge na akawa miongoni mwa waanzilishi wa Film Africa ya London.

Nilipompelekea msimamizi wangu sura ya pili, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake." Hakuongeza neno. Nikiwaondoa hawa wote, sura inabaki na kurasa nne. Nikiwaacha, naonekana kama ninayenukuu matangazo ya biashara. Wenzangu mliopita njia hii mliwatumiaje?

Jambo la pili linahusu hadhira. Tamasha likimalizika, viti hukunjwa na skrini hushushwa. Kinachobaki ni katalogi na orodha ya washindi. Waliokuja kutazama ninawapata wapi?

mtunza_nyaraka

Methali ya msimamizi wako ni ya kweli, lakini haikupi kazi ya kufanya. Ngoma isingewambwa kama asingekuwapo wa kuivuta ngozi, na ukitazama historia ya matamasha ya sinema barani utaona kwamba tangu mwanzo yaliwambwa na watu wa aina hiyohiyo. Tahar Cheriaa, aliyeanzisha Siku za Sinema za Carthage nchini Tunisia mwaka 1966, alikuwa mhakiki aliyekulia katika vilabu vya sinema na wakati huohuo ofisa wa serikali aliyeshika idara ya sinema. Baadaye akaandika kitabu juu ya usambazaji wa filamu, tatizo lilelile alilokuwa akipambana nalo kwa vitendo. Ouagadougou, ambako tamasha la sinema la FESPACO lilianza mwaka 1969 kama wiki ya sinema za Afrika, hali haikuwa tofauti. Kumbi zilikuwapo na filamu za Waafrika zilikwishaanza kutengenezwa, ila usambazaji ulikuwa mikononi mwa kampuni mbili za Kifaransa, na mwaka 1970 serikali ya Upper Volta, Burkina Faso ya leo, ikazitaifisha kumbi hizo. Tamasha lilikuwa hoja kabla halijawa sherehe. Kwa hiyo usimhesabu msomi mwenye tamasha kuwa kioja. Katika uwanja huu, kioja ni yule asiyewahi kubeba hata boksi la kanda.

Ninachokushauri ni kumsoma mtu huyohuyo mara mbili. Mara ya kwanza msome kama mtafiti, uipime hoja yake kama unavyopima ya mwingine yeyote. Mara ya pili mchukue kama shahidi, na maandishi yake yawe data, yaani yakuonyeshe alivyotaka tamasha lieleweke. Kosa linalowapata wengi ni kuchanganya nafasi hizi mbili, wakanukuu nia ya mwandaaji kana kwamba ndiyo matokeo.

Nakupa mfano wa karibu. Jina jingine la ZIFF ni Tamasha la Nchi za Jahazi. Tafakari maana yake. FESPACO imechora mpaka wake kwa bara na kwa ndoto ya umoja wa Afrika. Zanzibar imechora wake kwa kusi na kaskazi, ndiyo maana filamu ya India au ya Iran inaingia mashindanoni bila kubisha hodi kama mgeni, na tuzo kuu ikaitwa Jahazi la Dhahabu. Hiyo ni nadharia nzima kuhusu mahali Afrika inapoanzia na inapoishia, ingawa imeandikwa kwa ratiba badala ya aya. Basi zipange katalogi za miaka kadhaa mezani na uulize: jahazi hili limefika kweli bandari zote linazozitaja? Ghuba imeleta filamu ngapi, Komoro ngapi, Madagaska ngapi, na zilizotoka Ulaya zimechukua usiku upi wa juma? Swali hilo halihitaji umwamini wala umtilie shaka mtu yeyote.

mwana_ng'ambo

Nimemsoma ndugu mtunza nyaraka na nakubaliana naye kwa mengi, ila katalogi haiwezi kukuonyesha aliyekaa nyuma. Mimi ni mtu wa mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, umri umekwenda, na tamasha hili nimelihudhuria tangu miaka yake ya mwanzo, baada ya lile la kwanza la 1998. Usiku mmoja ndani ya Ngome Kongwe nilikaa kwenye vidato vya mawe, upepo wa Forodhani ukiitikisa skrini hata nyuso za waigizaji zikawa kama zinapumua. Filamu ilikuwa ya Kifaransa, na maandishi ya tafsiri chini yake ni ya Kiingereza. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja aliyevaa buibui, akanigusa kiwiko: "Mwanangu, anasemaje huyo?" Nikamwambia. Akauliza tena. Kufika katikati ya filamu nilikuwa nimeacha kutazama na nimekuwa mkalimani, na watu wa vidato viwili vya mbele wamegeuka nusu kunisikiliza. Hadhira ya usiku ule ilitengenezwa palepale, kwa sauti ya kunong'ona, na hakuna katalogi iliyoiandika. Sisemi waandaaji hawakulijua tatizo hilo, kwani tamasha lilikuwa na programu ya kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba. Lakini usiku ule, ndani ya ngome, bibi yule alinitegemea mimi.

Sasa linganisha na kibanda umiza, yaani kijumba cha kuonyeshea video mtaani, ambako filamu ya Kikorea au ya Marekani hutafsiriwa na kusimuliwa kwa Kiswahili na mtu mwenye mdomo wake, kama marehemu Lufufu wa Dar es Salaam, na mtazamaji asiyejua neno la Kiingereza hatoki patupu. Anayeandika juu ya sinema kwetu akalitazama tamasha na akakiruka kibanda ameandika nusu ya habari.

Na jambo jingine, kijana wangu. Usije ukaandika kwamba tamasha ndilo lililoleta sinema Zanzibar. Msome Laura Fair, mwanahistoria aliyechapisha mwaka 2018 kitabu kuhusu kumbi za sinema za Tanzania katika karne ya 20. Yeye hakuanza na waongozaji, alianza na wakata tiketi, wenye kumbi na wazee waliokwenda kutazama filamu za Kihindi, na ndivyo alivyoweza kuonyesha kwamba kwenda sinema ulikuwa utaratibu wa mji mzima, watu wakivaa vizuri na kurudi nyumbani wakiimba nyimbo za lugha wasiyoizungumza. Majestic, Empire, Cine Afrique: kwetu hizo zilikuwa njia za kumwelekeza mtu mtaa. Tamasha lilipokuja, kumbi hizo zilikwisha kudhoofika. Lilikuta watazamaji waliokwishafundwa ila hawana pa kukaa.

msomaji_wa_kando

Naongeza tahadhari moja tu, kwa heshima zote kwa mzee wetu. Kumbukumbu za wazee nazo ni ngozi, na huvutwa. Ukiwauliza watu leo kuhusu kumbi za zamani watakupa utamu, na ugomvi wa foleni, walanguzi wa tiketi na mabinti waliokatazwa kwenda utajitokeza ukiwauliza mara ya tatu. Kitabu cha Dovey kinafaa hapo, kwa kuwa anampa uzito mtazamaji anayebisha na kupinga kinachoonyeshwa, badala ya yule anayepiga makofi. Tamasha lijalo likifika, simama langoni na daftari, uandike nani anatoka kabla filamu haijaisha.

mwanauzamili

Ahsanteni sana nyote. Sura ya pili nitaigawa: nia ya waandaaji itakuwa na sehemu yake, ikisomwa kama ushahidi, na hoja zao za kitaaluma zitahamia sehemu nyingine ambako nitazijadili bila kujali nani alikuwa na ufunguo wa ofisi. Sura ya tatu itaanzia kwenye kumbi za zamani na kibanda umiza kabla sijaingia ngomeni, na lango nitalisimamia.

Mzee wangu wa Ng'ambo, shikamoo. Niwie radhi kwa udadisi: yule bibi alikaa hadi mwisho wa filamu?

mwana_ng'ambo

Marahaba. Alikaa. Filamu ilipoisha akanishukuru, akaniambia yule mume hana adabu, kisha akahamia kiti cha mbele kabisa kusubiri taarabu.